Meli haingoji: yenye Juneau na Zanzibar wanafundisha wasafiri wa Lulimba na Baraka

Lulimba haina bandari. Ziwa Tanganyika liko ng'ambo ya milima, na mtu wa Lulimba anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuliona. Lakini chumvi, sabuni, simenti na vitenge vyenye vinauzwa pale sokoni, sehemu yake inapita kwanza juu ya maji, inashushwa Baraka, kisha inapanda kwa lori ao kwa moto mpaka Fizi-centre na kuendelea. Mgonjwa mwenye kutumwa mbali, mwanafunzi mwenye kwenda Kalemie ao Uvira, mama mwenye kupeleka mafuta ya mawese ng'ambo, wote wanahitaji boti. Kwa hiyo siku boti inafika ao inaondoka Baraka, ni siku ya Lulimba pia.

Siku hiyo inaweza kuharibika kwa njia tatu, na wakaaji wa teritware ya Fizi wanazijua vizuri. Mtu anafika bandarini wakati boti imekwisha kwenda. Ao anaipata, lakini imejaa kupita kiasi, na anapanda hivyo hivyo. Ao anashuka salama, lakini kabla ya kutoka ufukoni pesa imekwisha kumtoka mfukoni, kwa malipo yasiyo na risiti. Saa, idadi, pesa: mambo hayo matatu njo yanaamua kama siku ya meli itakuwa ya faida ao ya hasara.

Kuna miji duniani yenye inaishi kabisa kwa siku ya meli. Imepata faida, imepata na matatizo, na imejifunza kupanga. Mmoja wao uko mbali sana na Fizi, kwenye baridi ya kaskazini ya dunia, lakini hali yake mtu wa Fizi anaweza kuielewa haraka.

Mji usio na barabara

Juneau ni mji mkuu wa Alaska, jimbo la Marekani lenye liko kaskazini kabisa. Una wakaaji karibu 32,000. Ajabu yake ni hii: hakuna barabara yenye inaunganisha Juneau na miji mingine. Milima na barafu vimeufunga upande wa nchi kavu. Mwenye kuingia anaingia kwa ndege ao kwa maji. Mtu wa Lulimba mwenye amekwisha kuona barabara imekatika kwa mvua, magari yamelala njiani siku tatu, hatahitaji maelezo mengi.

Kila mwaka, kuanzia Aprili mpaka Oktoba, meli kubwa za watalii zinapita pale. Si meli za kubeba mizigo. Ni sawa hoteli zenye kuelea: watu wanalala ndani, wanakula ndani, wanaoga ndani, na meli inawatembeza bandari kwa bandari. Meli moja inaweza kubeba watu 3,000 ao 4,000. Inafunga asubuhi, watu wanashuka, na jioni inaondoka. Katika mwaka mmoja watu zaidi ya milioni moja na nusu wanapita mji huo wa watu 32,000. Skagway, mji mdogo wa jirani wenye wakaaji karibu 1,000 tu, nao unapata meli kama hizo.

Mtalii ana masaa manane hivi, mara na chini ya hapo. Katika masaa hayo anataka kuona barafu kubwa ya Mendenhall, yenye iko kilomita karibu 19 kutoka bandarini. Anataka kuona nyangumi baharini. Anataka kupanda mlima kwa gari la kamba, kununua zawadi, kula samaki. Hawezi kufanya yote. Kwa hiyo watu wenye uzoefu wa safari hizo wana kanuni moja rahisi: anza na jambo la mbali, maliza na jambo la karibu. Uende barafuni asubuhi, na duka lenye liko mbele ya meli uliache la mwisho. Kama kitu kikiharibika njiani, bado kuna muda wa kurekebisha.

Kanuni hiyo haikuanzia Alaska. Meli za watalii zinafunga pia Mombasa na Zanzibar. Kule Zanzibar, mgeni mwenye akili anaenda kwanza kwenye mashamba ya karafuu na mdalasini, mbali na mji, kisha anarudi kutembea Mji Mkongwe, ambao uko karibu kabisa na bandari. Mwenye anafanya kinyume, anaanza na maduka na anaacha mashamba kwa saa za mchana, anarudi akikimbia.

Mfanyabiashara wa Lulimba mwenye ana siku moja tu Baraka anaweza kuipima kanuni hiyo. Kazi zenye hazina uhakika, sawa kutafuta karatasi kwenye ofisi, kupeleka mgonjwa hospitali, kumtafuta mtu mwenye deni, zifanywe kwanza. Kununua ndagala na sabuni karibu na ufuko kunaweza kungoja.

Saa ni ya meli, si ya abiria

Tarehe 27 Machi 2024, meli ya watalii Norwegian Dawn ilisimama São Tomé, kisiwa cha Afrika upande wa Atlantiki. Ilikuwa imetoka Cape Town, inaelekea Barcelona. Watu wanane walishuka na kutembea kisiwani na mtu waliyemlipa wenyewe, si kwa matembezi yenye yanauzwa ndani ya meli. Walichelewa kurudi. Walipofika ufukoni meli ilikuwa bado inaonekana. Walinzi wa pwani wakawapeleka kwa boti ndogo mpaka karibu yake. Kapteni akakataa kuwapandisha.

Ndani ya kundi hilo mlikuwa mwanamke mwenye mimba na mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Pasipoti zao ziliachwa kwa wakala wa bandari. Wakaanza kuifuata meli kwa ndege na kwa gari, nchi kwa nchi, mpaka Gambia. Kule nako bahati ikawakataa: kwa ajili ya hali ya maji, meli haikuweza kuingia Banjul. Ikabidi waendelee mpaka Dakar, Senegal. Kampuni ilijibu kwamba kurudi kwa wakati ni jukumu la abiria mwenyewe.

Watu wengi dunia nzima walikasirika, wengine walisema kapteni ana haki. Lakini ndani ya kisa hicho kuna jambo moja la maana zaidi ya hasira. Katika meli hizo, abiria mwenye amenunua matembezi ya meli yenyewe anangojewa kama gari lao likichelewa, kwa sababu meli inajua wako wapi na wako wangapi. Mwenye amejipangia mwenyewe hangojewi. Anapata bei nzuri na uhuru, na pesa yake inabaki kwa mwenyeji, lakini saa ni mzigo wake. Kosa si kujipangia. Kosa ni kujipangia bila kuacha nafasi ya kuchelewa.

Kwenye Ziwa Tanganyika kuna mtego mwingine, na huu unamshika hata mtu mwangalifu. Saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya mashariki ya Kongo kwa saa moja. Kigoma wakisema saa ine asubuhi, Baraka ni saa tatu. Burundi na Zambia zinafuata saa sawa na ya Baraka. Mtu mwenye amepewa saa ya kuondoka Kigoma kwa simu, bila kuuliza ni saa ya wapi, anaweza kukosa boti huku simu yake inamwambia amewahi. Juu ya hapo kuna lugha mbili za saa: mmoja anasema «dix heures», mwingine anasikia saa kumi. Tofauti yao ni masaa sita. Alaska nayo iko nyuma ya Seattle na Vancouver, bandari zenye meli nyingi zinaanzia safari, kwa saa moja. Kwa hiyo wageni wanaambiwa mapema kabisa kuuliza swali moja: hii saa ni ya meli ao ya mji? Swali hilo hilo linafaa kuulizwa Baraka, Kalemie na Kigoma.

Kuhesabu kutoka mwisho

Wenye kupanga siku ya bandari hawahesabu kutoka asubuhi. Wanahesabu kutoka mwisho, kurudi nyuma. Chukua mfano wa mama mwenye kutoka Lulimba na madumu ya mawese, na boti yenye imetangazwa kuondoka Baraka saa ine asubuhi.

Saa ine si saa yake. Ni saa ya boti kutoka. Kabla ya hapo lazima aandikishwe, mzigo upimwe, ulipiwe, upangwe. Basi saa yake ya kweli ni saa mbili, ao hata saa moja. Ili awe ufukoni saa moja asubuhi na mzigo, lazima mzigo ulale Baraka usiku ule. Ili mzigo ulale Baraka, lazima atoke Lulimba alfajiri ya siku iliyotangulia. Na kama ni miezi ya mvua, siku moja haitoshi; anaongeza ya pili. Hivi safari yenye watu wanaiita «ya siku moja» ni ya siku tatu, na lazima pesa ya chakula na ya kulala ihesabiwe tangu Lulimba, isiwe ya kukopa kwa mwenye boti.

Wengi wanafanya hesabu kinyume: wanatoka wakati gari linapatikana, na wanatumaini boti itachelewa. Mara nyingi kweli inachelewa. Njo maana desturi haibadiliki. Lakini boti yenye inachelewa nayo ina hatari yake. Kama ilikuwa iondoke asubuhi na ikaondoka jioni, itasafiri usiku. Mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini unavuma kwa nguvu juu ya Tanganyika. Kuchelewa kwa wengi ufukoni kunakuwa hatari ya wote katikati ya maji.

Idadi: huko ni starehe, huku ni uhai

Juneau ilifika mahali ikasema inatosha. Watu wa mji walilalamika: mabasi yamejaa, njia za miguu hazipitiki, helikopta za watalii zinapiga kelele siku nzima. Mji ukaketi na makampuni ya meli wakapatana. Kuanzia mwaka 2024, meli kubwa zisizidi tano kwa siku. Kisha wakapatana tena kuhesabu watu wenyewe, si meli tu: kuanzia mwaka 2026, vitanda vya abiria visizidi 16,000 kwa siku, na siku ya Jumamosi visizidi 12,000. Mwezi wa kumi mwaka 2024 wakaaji walipiga kura kama wakataze kabisa meli kubwa siku za Jumamosi. Wengi walikataa, kwa sababu kazi za watu wengi zinategemea meli. Lakini mpaka wa idadi ulibaki.

Hapo njo kuna tofauti kubwa na maziwa ya Afrika. Kule idadi inalinda starehe ya mji. Huku inalinda maisha.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kwenye ziwa Victoria, upande wa Tanzania, kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimejengwa kwa watu 101. Waliokufa peke yao walipita 200. Ilikuwa siku ya soko Bugorora, na watu walikuwa wanarudi nyumbani na mizigo yao. Desemba 2014, kwenye Tanganyika yenyewe, boti MV Mutambala ilizama, na watu zaidi ya 100 wakafariki. Tarehe 3 Oktoba 2024, ziwa Kivu, MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, huku watu wamesimama ufukoni wanaiona. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na wasafiri wengi walikuwa wamelazimika kupita ziwani. Makumi ya watu walikufa.

Ukiviweka visa hivyo pamoja, vinafanana. MV Nyerere na MV Merdi hazikuzamia katikati ya ziwa. Zilizamia karibu na nchi kavu. Boti yenye imejaa sana inapinduka kwa urahisi pale abiria wote wanaposogea upande mmoja, na watu wanasogea hasa wakati wa kufika, wakitaka kushuka wa kwanza. Na kila mara boti ilikuwa na watu wengi kwa sababu yenye kueleweka: siku ya soko, barabara imefungwa, hakuna boti ingine mpaka siku nyingi. Hakuna abiria mwenye alipanda kwa kupenda hatari. Alipanda kwa sababu alikuwa amefika pale, na pesa ya kurudi nyumbani hakuna.

Kwa hiyo idadi na saa ni jambo moja. Mtu mwenye alipanga siku moja ya ziada, mwenye ana pesa ya kulala Baraka, anaweza kuangalia boti imejaa na kusema: nitangoja. Mwenye hana siku ya ziada hana uchaguzi. Umaskini wa muda njo unajaza boti. Kutangaza idadi ya watu, kuiandika ubavuni mwa boti na kuifuata ni kazi ya viongozi wa bandari, na hakuna mwingine wa kuwafanyia. Lakini msafiri mwenye alihesabu kutoka mwisho amejipa haki ya kukataa.

Pesa inabaki wapi?

Watu milioni moja na nusu kwa mwaka: mtu anaweza kufikiri kila nyumba ya Juneau imekuwa tajiri. Hapana. Mtalii analala na kula ndani ya meli. Matembezi mengi anayalipa ndani ya meli, na kampuni inakata sehemu yake kabla mwenyeji hajapata kitu. Katika miji ya Alaska yenye kupokea meli, maduka mengi ya vito yaliyo mbele ya bandari si ya wenyeji. Msimu ukiisha yanafungwa, wenyewe wanakwenda. Zanzibar nako, mwenye kuuza vinyago, mwenye teksi na mwenye kuongoza wageni wanajua kwamba meli kubwa haimaanishi mauzo makubwa.

Juneau ilijibu kwa ada yenye inajulikana na kila mtu. Mji unachukua dola 5 kwa kila abiria, ada iliyopitishwa kwa kura ya wakaaji mwaka 1999, na dola 3 zingine za kujenga bandari. Jimbo la Alaska nalo lina kodi yake, leo dola 34.50 kwa abiria, na sehemu yake inarudishwa kwa miji yenye meli inasimama. Abiria halipi ufukoni mkono kwa mkono. Kampuni inalipa kwa idadi ya watu wenye iliwabeba.

Kisha likatokea jambo lenye kufundisha zaidi. Mwaka 2016 makampuni ya meli yaliushtaki mji mahakamani. Walisema pesa ya ada ilitumiwa kujenga bustani na sanamu ya nyangumi, mbali na mahali meli zinafunga. Mwaka 2018 hakimu aliamua: mji una haki ya kuchukua ada, lakini pesa hiyo lazima itumikie meli na watu wake. Mwaka 2019 pande mbili zikapatana. Kwa maneno mengine, mwenye kulipa alikuwa na haki ya kuuliza pesa yangu ilifanya nini, na alijibiwa.

Swali hilo liulizwe kwenye fuko za Tanganyika pia. Kongo ina sheria, na si ya jana. Dekre namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja serivisi nne tu zenye zina ruhusa ya kufanya kazi kwenye mipaka ya nchi: forodha, yaani OFIDA yenye leo inaitwa DGDA, OCC kwa kuangalia bidhaa, hygiene ya mipaka, na DGM kwa kuingia na kutoka kwa watu. Nne. Mfanyabiashara mdogo mwenye kushuka na mzigo kutoka Kigoma na kukutana na meza ya tano, ya sita, ya saba, anaweza kuhesabu mwenyewe. Tena tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Tanzania na Burundi, na kusudi la jumuiya hiyo ni bidhaa kupita kwa urahisi zaidi.

Malipo ya bandari si kitu kibaya. Bandari bila pesa haina gati, haina taa, haina choo, haina jaketi za kuokoa. Ubaya unaanza pale mwenye kulipa hajui analipa kiasi gani, kwa nani, wala kwa kazi gani. Kila franka isiyo na risiti inatoka kwenye faida ya yule mama wa mawese, na yeye anairudisha kwenye bei. Mwisho wake mtu wa Lulimba, mwenye hakuwahi kukanyaga ufuko, njo anailipa anaponunua kipande cha sabuni.

Mara moja ilipangwa vizuri

Kuna watu watasema: hayo ni ya wazungu, hapa haiwezekani. Historia ya ziwa inakataa neno hilo.

Meli Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa vita na kuinuliwa tena mwaka 1924, ilianza kazi kwa jina hilo mwaka 1927. Kwa miaka mingi ilipita pwani ya Tanzania mpaka Mpulungu, Zambia, ikisimama kwenye vijiji visivyo na gati. Pale mitumbwi ilitoka kuikuta ndani ya maji, watu na mizigo wakapandishwa na kushushwa kwa muda mfupi sana. Vijiji hivyo vilijua siku yake. Wakulima walivuna kwa kuihesabu. Mwaka 1997 UNHCR iliikodi kurudisha wakimbizi nchini Kongo: safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, watu zaidi ya 75,000, kwa miezi mitano.

Na Baraka yenyewe? Kuanzia Oktoba 2005, meli zilileta pale wakimbizi wa Fizi waliokuwa kambini Tanzania, Lugufu na Nyarugusu. Makumi ya maelfu walirudi katika miaka iliyofuata. Wengi wenye kusoma habari hii walishuka kutoka meli hizo, ao walipokea ndugu. Wanakumbuka namna ilivyokuwa: kila mtu ameandikwa kwenye orodha kabla ya kuondoka, idadi ya meli inajulikana, wazee na wagonjwa wana nafasi yao, mahali pa kulala pako tayari, malori yanangoja kupeleka watu vijijini. Mtu hakushuka akiuliza nitalala wapi.

Ni kweli, kulikuwa na pesa ya nje na shirika kubwa nyuma yake. Lakini mambo yaliyofanya siku ile iende vizuri mengi hayakuwa ya pesa. Ilikuwa orodha, saa, idadi, na mtu mmoja mwenye kujibu kila swali. Ufuko ulikuwa ule ule. Ziwa lilikuwa lile lile, na ghuba ya Burton, yenye rasi ya Ubwari inaikinga, haikubadilika.

Ubao mmoja ufukoni

Hakuna mwenye anangoja meli ya watu 4,000 ifunge Baraka. Lakini boti ya watu 80 yenye inaondoka kwa saa iliyotangazwa, na abiria 80, na malipo yenye yanajulikana, ingeleta Lulimba faida kubwa kuliko meli ya watalii ilivyo kwa maskini wa Juneau, kwa sababu hapa abiria ni mwenyeji, mzigo ni wa mwenyeji, na pesa inarudi sokoni.

Kuanza hakuhitaji kungoja Kinshasa. Ubao mmoja wa mbao, wenye umepakwa rangi na kusimamishwa mahali kila mtu anapita, unaweza kubeba mistari mine: saa ya kuondoka, kwa saa ya Kongo na ya Tanzania, idadi ya watu wenye boti inaruhusiwa kubeba, malipo halali na serivisi yenye inayapokea, na namba ya simu ya ofisi ya kupeleka malalamiko. Mistari hiyo hiyo inaweza kusomwa redioni jioni, kabla ya siku ya boti, ili mtu wa Lulimba aamue akiwa bado nyumbani. Vyama vya wenye maboti, ofisi ya meri wa Baraka, viongozi wa teritware na shirika la raia wanaweza kuketi siku moja na kuuandika.

Kuandika ni rahisi. Kazi inaanza siku ya kwanza yenye boti imefikisha watu 80, na wa 81 amesimama ufukoni na pesa mkononi, amelala njiani usiku mbili, na mwenye boti anaitamani pesa yake. Siku hiyo itaonekana kama ubao ni sheria ao ni rangi tu. Wakaaji wa Fizi wana haki ya kujua, kabla siku hiyo haijafika, ni nani mwenye atasimama pale na kusema hapana, na yule wa 81 atalala wapi mpaka boti ya kesho.